Kamba Iliyochemshwa

Bi Kamba alikuwa amejiandaa kupokea mikokoteni miwili ya ng'ombe. Tangu alfajiri alikuwa amewasimamia mafundi wang'oe lango la ua wa Nyumba ya Sarafu, bawaba kwa bawaba, ili mzigo upite bila kukwaruza. Wapagazi sita walikaa ukutani na magogo ya kuviringishia fuawe. Mumewe, mpiga nyundo mkuu, mtu mwenye mwili ambao mji mzima uliuita Jabali, alikuwa amevua shati na kujipaka mafuta mikononi.

Kilichoingia ni mkokoteni mmoja wa punda. Na punda mwenyewe hakuwa na hata tone la jasho.

"Wenzako wako wapi?" Bi Kamba akamuuliza mwenye punda.

"Wenzangu gani tena, mama? Ni mimi na huyu." Akampiga punda kofi la kirafiki shingoni. "Mhunzi kanikabidhi kila kitu. Fuawe, nyundo, koleo, mivukuto, mihuri. Na salamu nyingi."

Mpagazi mmoja, mwenye sifa ya nguvu, akasogea, akafunua gunia, akakumbatia fuawe kwa mikono miwili, akajikaza na kuivuta kama anayeng'oa mti. Ikainuka mara moja, naye akaanguka chali, fuawe kifuani. Hakuumia. Alilala pale akiitazama kwa mshangao.

Jabali akaja, akaichukua kwa mkono mmoja na kuigeuzageuza juani.

"Mke wangu," akasema taratibu, "hii ni fuawe, au ni mtoto wake?"

Wakapanga vitu kwenye mkeka kimoja kimoja. Nyundo nne zilizofuliwa vizuri kabisa, ila mpini wa kila moja ulipoingia katika ngumi ya Jabali ulipotea wote, kikabaki kichwa tu kinachungulia. Koleo fupi kama za kung'olea misumari ya kiatu. Mivukuto miwili ya ngozi safi. Jabali akaubonyeza mmoja kwa kidole gumba, ukapiga chafya ya kichanga. Kigogo cha kusimikia muhuri wa chini kingefaa kuwa kigoda. Na mihuri yenyewe, mmoja wa chini na miwili ya juu, ilikuwa na nembo ya Mfalme, korongo aliyesimama kwa mguu mmoja, lakini korongo mwenyewe alikuwa amebanwa hadi shingo ikamwingia mabegani.

Bi Kamba akahesabu siku kwa vidole.

Zilibaki siku tatu. Siku ya tatu Mfalme angekuja na baraza lake zima kuifungua Nyumba ya Sarafu mpya, ambayo Bi Kamba ndiye aliyepewa kazi ya kuitafutia kila kifaa, kuanzia fuawe hadi ufagio. Siku alipokabidhiwa funguo alisimama mbele ya baraza akasema, "Jua likifika utosini siku hiyo, Mtukufu, utakuwa na sarafu yako mkononi. Ukiikosa, nipokonye funguo." Hakuna aliyemwomba aseme hilo la mwisho. Ulimi ulimtangulia tu. Mweka Hazina akalidaka lile neno hewani, akaamuru liandikwe.

Mweka Hazina alikuwa na mpwa. Mpwa hakuwa na kazi, ila alikuwa na kanzu nzuri na subira. Alikwisha kuja mara mbili kwenye vyumba vitatu vilivyo nyuma ya tanuri, ambamo Bi Kamba aliishi na mumewe na mama mkwe wake, ili kupima madirisha. Alisema anataka mapazia ya kijani.

"Mhunzi kanipunja," Bi Kamba akasema. "Nilimpelekea vipimo, akafanya vyake."

"Alisema utasema hivyo," mwenye punda akajibu, akatoa kamba kifuani mwake. "Akasema, mwambie apime."

Kamba hiyo ndiyo iliyompa jina. Katika kazi ya sarafu, kipimo hakikuandikwa, kilifungwa. Fundi alisokota nyuzi tatu za sufu kuwa kamba moja, akaipaka rangi vipande vipande, kisha akaenda nayo kwenye kifaa chenyewe na kupiga mafundo. Nyekundu, kutoka fundo hadi fundo, ni urefu wa fuawe. Bluu ni koleo. Manjano ni mpini wa nyundo. Mhunzi anayeipokea haongezi wala hapunguzi; penye ubishi kamba ndiyo hakimu, na hukumu yake haina rufaa. Bi Kamba alikuwa amesafiri hadi Nyumba ya Sarafu ya zamani, akapima kila kitu, na jioni ile ile vifaa vyote vya zamani vikatupwa motoni ili chuma chake kifuliwe upya. Palikuwa hapana tena pa kwenda kupima. Wala palikuwa hapana mhunzi mwingine: sheria ilimruhusu mmoja tu kufua vitu hivi, naye aliishi mwendo wa siku mbili.

Akachuchumaa mkekani, akapima. Nyekundu juu ya fuawe: sawasawa. Bluu juu ya koleo: sawasawa. Manjano: sawasawa. Mhunzi hakukosea hata kwa unene wa ukucha.

Ndipo alipoitazama kamba yenyewe. Nyekundu yake ilikuwa imekuwa waridi. Masizi yake ya miaka yote hayakuwepo. Alipoinyoosha kwenye mkono wake, ile ambayo zamani ilivuka bega na kuishia mgongoni sasa iliishia juu kidogo ya kiwiko.

Akainusa. Ilinukia majivu na jua.

Bi Kamba akageuza kichwa polepole kuelekea kwenye kamba nyingine, ile ya kuanikia nguo. Chini yake, nusu amefichwa na shuka, alisimama mama mkwe. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mdogo kiasi kwamba alipomzaa Jabali majirani walikuja kumuuliza alikuwa amemweka wapi.

"Mama," Bi Kamba akasema kwa sauti ya kuazima, "kamba hii..."

"Umeona ilivyotakata?" Mama mkwe akang'aa uso mzima. "Niliikuta kisandukuni mwako inatia aibu, masizi matupu. Nikasema, hivi mkwe wangu atapeleka kitu hiki kwa watu? Si watasema nyumba ile hawafui! Nikaichemsha."

"Ukaichemsha."

"Na mashuka. Nikaisugua kwa majivu, nikaikamua, nikairudisha tena kwenye chungu. Ile nyekundu ilikuwa kaidi. Ilipokauka nikaifunga ndani ya kitambaa, nawe ukaituma hivyo hivyo."

Mwalimu aliyemfundisha Bi Kamba kazi alimpa amri mbili tu: usiikate, na usiilowanishe, maana sufu ikiloa maji moto hupungua.

Kwa miaka minne ya ndoa Bi Kamba hakuwahi kumpandishia mama mkwe sauti. Alinyamaza mama mkwe alipofua aproni ya ngozi ya Jabali hadi ikamtosha paka. Alinyamaza alipofua mfuko wa dawa ya kikohozi, dawa ikiwa ndani. Leo pia alisema, "Asante, mama," akaingia katika ghala la makaa, akafunga mlango, akayaambia makaa kila alichokuwa nacho moyoni.

Alipotoka alikuwa mweusi usoni. Mama mkwe akamfuata na kitambaa kibichi.

"Usiniguse na maji, mama," Bi Kamba akasema. "Na mimi nitapungua."

*

Kilichokuwa kizuri kilikuwa kizuri kweli. Makaa yalikuwa ya mti mgumu, makavu, yanayolia kama vigae. Vyungu vya kuyeyushia fedha vilikuwa havina ufa. Mizani na mawe yake vilitoka kasri, navyo havikupimwa kwa kamba ya mtu. Fedha ilikatwa kwa uzito, kipande kwa kipande. Ilibaki kuipiga tu.

Siku ya kwanza Jabali alijaribu tanuri. Koleo zilikuwa fupi mno, ikabidi mikono yake iingie motoni pamoja na chungu. Hadi adhuhuri vinyweleo vyote vya mikono vilikuwa vimeungua, na ngozi imekuwa laini kama ya bwana harusi.

"Tufunge koleo kwenye vijiti," akashauri.

Wakazifunga. Vijiti vikashika moto.

Siku ya pili alijaribu nyundo. Pigo la kwanza alijipiga kidole gumba. La pili alikipiga tena, kwa sababu, alieleza, kilikuwa kimevimba na kuziba njia. Akatupa nyundo chini, akavuka barabara kwa mwashi, akarudi na nyundo ya kupasulia mawe.

"Mume wangu, hapana," Bi Kamba akasema. "Muhuri hautaihimili."

"Nitapiga kidogo tu."

Lakini Jabali hakuwa na kidogo. Akainua, akashusha, na muhuri wa juu ukapasuka katikati, korongo akabaki mguu huku na kichwa kule.

Wote wakautazama ule uliosalia. Sasa ulikuwa mmoja.

"Msinijali," sauti ikasema dirishani. Alikuwa mpwa wa Mweka Hazina, na uzi wake wa kupimia mkononi. "Mimi naendelea na hili dirisha la tatu. Hivi, dada, jua la mchana linaingia sana humu?"

"Linaingia," Bi Kamba akajibu. "Hasa kwa mtu asiye na kazi."

Akasema kijasiri, lakini moyoni alikuwa amekwisha anza kuhesabu masanduku ya kuhamia. Jabali akaketi juu ya fuawe, maana kwake ilikuwa kimo kizuri cha kiti, akakinyonya kidole chake.

Hapo mama mkwe akaingia kuchukua kaa la kuwashia jiko, kama alivyofanya kila siku. Kwa kawaida alikuja na kigae. Leo akaziona koleo sakafuni, akaokota moja bila kufikiri, akachagua kaa. Moto ulikuwa umefifia, naye hakupenda moto uliofifia. Akaweka kiganja juu ya kila mvukuto, akaanza kuvukuta, kulia, kushoto, kulia, kushoto, haraka haraka kama anayekanda. Tanuri likaguna. Kisha likanguruma. Mwanga wa machungwa ukapanda ukutani hadi mpwa akarudi nyuma kutoka dirishani.

Bi Kamba akasimama.

"Mama. Ulijifunzia wapi?"

"Nini? Hii?" Mama mkwe hakuacha kuvukuta. "Miaka thelathini nilimvukutia marehemu baba yenu. Yeye akifua, mimi napuliza. Nilishika koleo, nilishika tupa, nilichuja majivu. Nyundo tu ndiyo aliyoninyima. Kila nikimwomba alisema, hii kubwa kwako, mke wangu."

Macho yake yakaiangukia ile nyundo iliyotupwa. Akaacha mivukuto, akainama, akaiokota. Mpini ukajaa mkononi mwake, si zaidi si pungufu. Akaipima hewani mara moja, mbili.

"Hii si kubwa," akasema.

Mchana wote ule alipiga vipande vya risasi, yale madini laini, kwa majaribio. Jabali alifunga muhuri wa juu kwa kibanio cha mti, mama mkwe akapiga, na kila pigo lilikuwa safi, katikati, lenye uzito ule ule. Ila kibanio kilicheza, na kila sarafu ikatoka na makorongo mawili, mmoja anamchungulia mwenzake.

"Lazima ushikwe na mkono wa mtu," Jabali akasema. Akajaribu yeye, kiganja chake kiliufunika muhuri wote, hapakubaki pa kupiga. Akautazama mkono wa mkewe. Kila mtu akautazama mkono wa mkewe.

Bi Kamba akautazama pia. Aliupenda ule mkono. Ulikuwa na vidole vitano.

*

Siku ya tatu Mfalme alifika jua likiwa bado halijapanda sana. Alikuwa mzee mwembamba asiyependa hotuba, aliketi na kusema, "Haya." Mweka Hazina akasimama kulia kwake, na yale maandishi ya ahadi yameviringishwa mkononi. Mpwa alikuja na kitambaa cha kijani begani, bila haya kabisa.

Jabali alipomimina makaa ya mwisho na kurudi nyuma, baraza likanong'ona. Mama mkwe alipotokea amefunga kiuno, nyundo begani, minong'ono ikawa kicheko.

"Huyu ndiye mpiga nyundo?" Mweka Hazina akauliza. "Au amepotea njia ya kwenda kisimani?"

"Kisimani nimetoka," mama mkwe akajibu. "Wewe nguo hiyo lini utaileta?"

Mfalme akakohoa ndani ya kiganja chake, kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

Mama mkwe akakiopoa kipande cha fedha motoni kwa koleo, akakilaza juu ya muhuri wa chini. Bi Kamba akapiga goti, akauweka muhuri wa juu mahali pake, akaukaza kwa vidole.

"Mama, unaona vizuri?"

"Naona. Ni upi wa kupiga, huo wa kulia au huo wa kushoto?"

"Mama!"

"Nakutania, mwanangu."

Katika miaka minne, huo ulikuwa utani wake wa kwanza. Bi Kamba angependa angeuchagulia wakati mwingine.

Mama mkwe akainua nyundo. Ikafika juu, ikasimama. Jua nalo lilikuwa karibu kufika utosini.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "ile kamba."

"Piga, mama."

"Sikujua kuwa haifuliwi. Hakuna aliyeniambia. Nilitaka tu kitu chako kipendeze mbele za watu. Tangu juzi silali."

"Nimekusamehe. Piga, fedha inapoa!"

"Umenisamehe kweli, au ni kwa sababu nimeshika nyundo?"

Baraza zima likainama mbele ili lisikie. Bi Kamba angeweza kusema uongo, wengi wangesema. Lakini alimtazama yule mama mdogo aliyesimama na nyundo aliyonyimwa miaka thelathini, akaona kwamba anauliza kwa dhati, na macho yake yamelowa.

"Vyote viwili, mama," akasema.

Mama mkwe akacheka, cheko la kutoka tumboni, na katikati ya cheko hilo akapiga.

Tang!

Bi Kamba alifumbua jicho moja. Akahesabu: vitano. Akafumbua la pili, akauinua muhuri. Sarafu ililala pale, nene, ndogo, inang'aa, na juu yake korongo mmoja tu.

Akaitumbukiza majini, akaifuta, akampelekea Mfalme kwa mikono miwili. Vivuli vilikuwa miguuni mwa watu.

Mweka Hazina akanyoosha shingo. "Ndogo hiyo! Mtukufu, hii ni theluthi mbili ya sarafu! Na huyu si korongo. Huyu ni kuku."

Mfalme hakujibu. Akaiweka sarafu upande mmoja wa mizani, na jiwe la kasri upande wa pili. Mizani ikayumba, ikatulia, ikanyooka. Fedha ilikuwa ile ile. Kilichopungua upana kilikwenda kwenye unene. Kisha Mfalme akatoa mfukoni sarafu ya zamani, pana na nyembamba, iliyokuwa imejikunja kwa kukaliwa. Akaikunjua kwa vidole, ikakunjuka. Akaikunja, ikakunjika. Akaichukua ile mpya, akakaza vidole. Akaihamishia mkono wa pili. Akaiuma. Akashika shavu.

"Miaka ishirini," akasema, "nalipa watu kwa majani ya mti. Leo nimepata sarafu." Akaitazama tena ile nembo. "Na huyu ni korongo. Ameshiba tu. Nimeipenda nchi ambayo korongo wake wameshiba."

Baraza likaona kwamba hilo ndilo walilokuwa wakilifikiria tangu mwanzo. Mweka Hazina akayaviringisha maandishi yake yakawa membamba zaidi. Mpwa akamsogelea Bi Kamba na kitambaa chake.

"Dada, sasa mapazia haya? Nimekwisha yakata kwa vipimo vya madirisha yenu."

"Yaache hapo," Bi Kamba akasema. "Jua la mchana linaingia sana."

*

Baada ya wiki mbili mjumbe alikuja kutoka kasri. Mfalme alitaka sasa nusu sarafu, yenye unene wa kupendeza vile vile, na Nyumba ya Sarafu ijipatie vifaa vyake vyote, vidogo zaidi ya hivi, uwiano usiharibike hata kidogo. Alitaka vipimo vipelekwe kwa mhunzi kesho.

Jabali akashika kichwa. Vitu kumi na vitatu, kila kimoja kipunguzwe sawa na mwenzake, na kwa siku moja! Hilo hata mwalimu wa mkewe asingeliweza.

Bi Kamba akainuka. Akaingia chumbani, akafungua kisanduku, akatoka na kamba yake. Akapita uani hadi palipochemka chungu cha mama mkwe, ambaye siku hizi alikuwa akifua kwa haraka kabla ya kwenda kupiga nyundo. Akamkabidhi kwa mikono miwili.

Mama mkwe akairudisha nyuma, macho yamemtoka. "Mwanangu, mimi hii sigusi. Nimekoma."

"Mama, nakuomba."

Mama mkwe akamtazama usoni, akaitazama kamba, akamtazama tena. Polepole akakunja mikono ya nguo.

"Kwa majivu?"

"Kwa majivu. Na usugue kama ulivyosugua."

"Na nyekundu ikileta ukaidi?"

"Uirudishe chunguni," Bi Kamba akasema, akavuta kigoda, akaketi kando yake waisubiri pamoja.